Membrillo, marmelada, cotognata au cotignac: ipi itakufaa?

Hizi ni jamu nne za tunda moja liitwalo kwinsi. Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama nyumbani kuna jibini ngumu yenye chumvi, nunua membrillo ya Kihispania. Kama unataka kitu cha kulaza juu ya mkate wakati wa chai, nunua marmelada ya Kireno. Wageni wakija nawe umeshapika kahawa chungu, watolee cotognata ya Kiitalia. Cotignac ya Kifaransa inunue pale tu unapotafuta zawadi, maana sehemu kubwa ya mvuto wake iko kwenye kisanduku. Na kama uko Tanga, Kisumu au Bukavu na huna wa kukuletea hata moja kati ya hizo, usihangaike kuagiza. Mpera wa jirani unatosha.

Sasa tuingie ndani, kwa sababu hizi nne hufananishwa mno madukani. Zinapangwa rafu moja, karibu zote ni jamu za kukatwa kwa kisu, zote zina rangi kati ya manjano na nyekundu iliyoiva, na muuzaji mwenyewe mara nyingi atakwambia "ni kitu kilekile". Si kilekile. Zimetokana na tunda moja, lakini kila moja ilipikwa kwa ajili ya meza fulani, na ukiihamishia meza nyingine inakosa ladha kabisa.

Tunda lenyewe

Tunda ni kwinsi. Waarabu huliita safarjal, na ndugu zetu walioko Maskati na Dubai hulijua zaidi kwa jina hilo. Lina rangi ya manjano, umbo lake liko kati ya tofaa na pea, na likiwa changa ganda lake hufunikwa na manyoya laini yanayofutika kwa kitambaa. Asili yake ni Kaukazi na kaskazini mwa Irani. Siku hizi Uturuki ndiyo inayoongoza kwa kulizalisha. Weka matatu kwenye bakuli na sebule nzima itanukia. Ila ukiling'ata bichi utajuta, maana nyama yake ni ngumu na ukakasi wake unaukausha ulimi.

Watu wa kale walilijua hilo. Wagiriki na Warumi walilizamisha kwenye asali na kulisahau kwa miezi kadhaa hadi lilainike. Baadaye kilimo cha miwa kilipoenea pande za Bahari ya Kati kupitia kwa Waarabu, sukari ikachukua nafasi ya asali, na hapo ndipo ilipozaliwa jamu ngumu tunayoizungumzia.

Moto ndio unaoligeuza tunda hili. Kwinsi imejaa pektini, ile nguvu ya asili inayofanya jamu igande, kwa hiyo haihitaji gelatini wala unga wowote. Ukichemsha rojo lake na sukari kwa muda wa kutosha, likipoa linashikana lenyewe. Ukakasi nao unapotea. Tanini zilezile zilizokuwa zikikausha ulimi, zikipata joto na uchachu kwa muda mrefu, hubadilika kuwa rangi: kwanza waridi, kisha nyekundu, mwisho inakaribia rangi ya matofali.

Hapa wanunuzi wengi hukosea. Wanaona ya manjano na nyekundu ziko pamoja, basi wanadhani nyekundu imetiwa rangi, au ile ya manjano ni feki. Mara nyingi tofauti ni ya moto na ya aina ya mti. Iliyopikwa haraka hubaki nyeupe au ya dhahabu, na iliyokaa jikoni saa nzima au zaidi huwa nyekundu. Kwa hiyo rangi ikusaidie kukisia ladha tu. Ya dhahabu ina uchangamfu na harufu ya tunda, na nyekundu iliyokolea ina utamu mzito unaoelekea sukari iliyoungua kidogo.

Membrillo: ya jibini

Hispania huiita dulce de membrillo au carne de membrillo, na mji wa Puente Genil katika mkoa wa Córdoba ndio uliojijengea jina kwa kuizalisha kiwandani, zamani ikifungwa kwenye makopo ya bati yenye michoro ambayo leo watu huyakusanya kama mapambo. Ni tofali. Inakatika vipande vyenye kingo safi, haimwagiki wala haipakiki, na ndani yake utahisi chembechembe ndogo za tunda, maana hupikwa kwa nyama ya kwinsi na si kwa maji yake pekee.

Ikiliwa peke yake, mimi inanichosha upesi. Vipande viwili natosheka, cha tatu ni kazi. Lakini ipange juu ya kipande cha jibini ya Manchego, ile ya maziwa ya kondoo kutoka La Mancha, na mambo yanabadilika. Chumvi na mafuta ya jibini vinakata utamu, uchachu wa kwinsi unakata mafuta, na kila kimoja kinakufanya ukitamani kingine. Ndivyo Wahispania wanavyoila, baada ya mlo, vipande vyembamba vya unene unaolingana. Wengi hukosea kipimo tu, kwa kukata membrillo nene kuliko jibini, halafu wakalalamika kwamba ni tamu mno.

Si lazima iwe Manchego. Kanuni ni jibini iliyokaa, ngumu kiasi, yenye chumvi. Jibini ya Masisi inayouzwa Goma, iliyo ya mtindo wa Gouda, inafaa ikiwa imekaa muda. Zile ngumu zinazotengenezwa Njombe zinafaa pia. Jibini laini za kupaka hazifai, kwa kuwa hazina chumvi ya kutosha kupambana na sukari.

Wahispania waliibeba hadi Amerika. Ajentina leo huila labda kuliko Hispania yenyewe: kipande cha jibini laini na kipande cha membrillo kwenye sahani moja ni kitindamlo cha kila mgahawa wa kawaida, na pia huijaza kwenye pastafrola, andazi la oveni lenye vipande vya unga vilivyopishana juu mithili ya wavu. Meksiko nayo ina ate, na mji wa Morelia unajulikana kwa hiyo. Ukikuta ate au membrillo ya Ajentina mahali ulipo, ichukulie kama membrillo ya kawaida. Tofauti ni ndogo, na ya Ajentina kwa kawaida ni laini zaidi na inastahimili kuokwa.

Marmelada: ya mkate

Kama ningelazimika kuchagua moja kwa ajili ya nyumba ya Kiswahili, ningechagua hii, na sitasita. Sisi si watu wa jibini baada ya mlo. Sisi ni watu wa chai na kitafunwa, na marmelada ya Kireno ni ya mkate tangu asili yake.

Kwanza ondoa wazo la jamu ya machungwa. Jamu ya machungwa ya Waingereza ilichukua tu jina la kitu hiki. Marmelo ni kwinsi kwa Kireno, na katika karne za 15 na 16 masanduku ya marmelada yalisafirishwa kutoka Ureno hadi Uingereza kama bidhaa ya wakubwa. Mwaka 1524 Mfalme Henry VIII alizawadiwa sanduku moja. Machungwa yalikuja kupikwa kwa jina hilo baadaye sana, na Ureno yenyewe mpaka leo ukiomba marmelada utapewa ya kwinsi.

Majumbani hupikwa kuanzia Oktoba, kwinsi zinapoiva. Tunda huchemshwa, huchujwa au kusagwa, hupikwa na sukari, kisha humiminwa kwenye vibakuli vidogo na kuachwa juani siku kadhaa hadi juu ifanye ngozi. Maganda na moyo wa tunda havitupwi. Huchemshwa kando na kutoa jeli nyekundu inayong'aa, kwa hiyo mapishi mamoja yanajaza aina mbili za vyombo. Ni laini kuliko membrillo. Kisu cha mezani kinaikata, na ukibonyeza juu ya mkate wa moto inakubali kutandazika. Wareno huiweka kwenye mkate wenye siagi, au pamoja na kipande cha jibini ya njano ya kawaida, na kuwapa watoto wakirudi shule. Hakuna jambo la kifahari hapo, na ndiyo maana naipenda.

Kuna moja ya kipekee, marmelada nyeupe ya Odivelas, mji ulio kando ya Lisbon. Monasteri ya huko, iliyoanzishwa na Mfalme Dinis mwishoni mwa karne ya 13, ilikuwa ya watawa wa kike, nao walikuwa mabingwa wa vitamu. Ufundi wao ulikuwa kwenye sukari. Badala ya kupika vyote pamoja hadi viwe vyekundu, waliipika sukari peke yake kwanza hadi iwe shira nzito, ndipo wakatia rojo la kwinsi zilizomenywa vizuri. Kwa kuwa rojo halikukaa motoni muda mrefu, halikupata nafasi ya kubadilika rangi. Iliyotoka ilikuwa nyeupe inayoelekea manjano, ikakatwa miraba na kukaushwa. Mwaka 1834 Ureno ilipofuta mashirika ya kitawa, nyumba za watawa wa kike zilikatazwa kupokea wapya na zikafungwa moja moja kila mtawa wa mwisho alipofariki. Mapishi yakahamia kwa watu wa mji.

Je, nyeupe ni bora kuliko nyekundu? Harufu yake ni kali zaidi, hilo halina ubishi, kwa kuwa moto mrefu hufukuza harufu. Lakini kwa mkate na siagi nyekundu inashinda, kwani ina kina. Nyeupe ipewe nafasi yake pekee, kipande kidogo na chai isiyo na sukari wala maziwa.

Jambo moja kwa Waislamu. Marmelada za kupikwa nyumbani nchini Ureno mara nyingi hufunikwa kwa karatasi iliyochovywa kwenye pombe kali ili juu isiote ukungu. Za kiwandani hazihitaji hilo. Ukipewa kibakuli na jirani au ukinunua gulioni, uliza tu, hawakasiriki.

Cotognata: ya kahawa

Sicily, na Lecce kule kusini mwa Italia, kwinsi hukaushwa zaidi. Rojo lililoiva na sukari na ndimu hukandamizwa kwenye vibao vya ufinyanzi vyenye michoro ya maua, samaki au wanyama, kisha vipande hutolewa na kuachwa vikauke kwa siku nyingi. Vingine huviringishwa kwenye sukari. Matokeo yake ni kitu cha kushika mkononi, kikavu nje na chenye kutafunika ndani. Aliyezoea halua ya Unguja aelewe hivi: halua huteleza na kunyumbulika kwa sababu ya wanga na samli, cotognata haina vyote viwili, inakatika safi chini ya jino na baada yake unabaki na uchachu wa tunda.

Ni hii peke yake kati ya zote nne inayoweza kusimama bila msaidizi, ndiyo maana nasema ni ya kahawa. Kahawa chungu, kipande kimoja, mazungumzo. Kwenye mkate haifai, maana haitandazi. Kwenye jibini inawezekana, lakini ile sukari ya juu inakwaruza.

Udhaifu wake ni unyevu. Kwa aliyeko Milano au Toronto si tatizo. Ila ukiipeleka Mombasa au Dar es Salaam, sukari ya nje inanyonya maji hewani, inaanza kutoa jasho, na baada ya siku chache vipande vimegandana. Ifunge kila kipande kwenye karatasi yake, weka kwenye kopo linalofunga barabara, na hata hivyo usitegemee ikae kama inavyokaa Sicily.

Cotignac: ya zawadi

Orléans, Ufaransa. Hapa hawapiki nyama ya tunda, wanapika maji yake yaliyochujwa na sukari, kwa hiyo ni jeli safi unayoweza kuona mwanga kupitia kwake, nyekundu iliyokoza, isiyo na chembe hata moja. Humiminwa ikiwa ya moto kwenye visanduku vidogo vya mviringo vya mbao nyembamba, na desturi ni kuilamba humohumo au kuichota kwa kijiko kidogo. Siku hizi hutengenezwa Saint-Ay, kijiji kilicho karibu na Orléans. Visanduku hupambwa kwa sura ya Jeanne d'Arc, binti aliyeukomboa mji huo mwaka 1429, na wenyeji watakusimulia kwamba alipoingia mjini alipokewa kwa cotignac. Hadithi nzuri. Chukua kama hadithi.

Ni tamu, ni laini, inapendeza macho, na inaisha kabla hujajua umekula nini. Kwa bei ya visanduku vichache utapata tofali zima la membrillo. Basi kama ni ya kula nyumbani, iache. Kama ni ya kumpelekea mwalimu wako wa Kifaransa au mama mkwe mwenye kabati la vioo, hakuna inayoishinda.

Nyingine utakazokutana nazo

Ugiriki ina kydonopasto, mara nyingi yenye lozi ndani, ikihifadhiwa katikati ya yale majani makavu yenye harufu ambayo baadhi yetu huyatia kwenye biriani. Hungaria huita yao birsalmasajt na huitia jozi. Kroatia na Serbia ni kitnikez. Ujerumani na Uswisi hukata zao umbo la almasi, huziviringisha kwenye sukari na kuziweka kwenye sahani za Krismasi. Zote hizi ziko upande wa cotognata kuliko membrillo. Ukikuta yenye lozi au jozi, nunua, kwani zile kokwa zinapunguza utamu na kukupa cha kutafuna.

Kabla hujalipa

Geuza pakiti usome nyuma. Nzuri ina vitu vitatu: kwinsi, sukari, na ndimu au asidi ya sitriki. Kwinsi iandikwe kwanza, au angalau asilimia yake isiwe mbali na nusu. Za bei rahisi huchanganywa na tofaa, sharubati ya glukosi na pektini ya ziada, na dalili yake mdomoni ni kwamba inateleza bila harufu. Pektini inatoka kwenye matunda, haina shida kwa Mwislamu wala kwa asiyekula nyama. Gelatini ndiyo ya kuangalia, nayo kwenye jamu halisi ya kwinsi haina kazi, kwa hiyo ukiiona ujue mtengenezaji aliruka hatua. E120 ikitajwa, ni rangi nyekundu itokanayo na wadudu.

Kuhusu sukari tusidanganyane. Kwa mapishi ya asili kilo ya rojo hupewa kilo ya sukari au pungufu kidogo, na maji yakishakauka, zaidi ya nusu ya unachokula ni sukari. Mwenye kisukari hafichiki nyuma ya neno "tunda". Zipo zilizopunguzwa sukari, lakini hizo hukaa kwenye friji na haziwi ngumu sawasawa, kwa kuwa sukari ndiyo inayoshirikiana na pektini kuigandisha na ndiyo inayozuia ukungu.

Na safari. Kwenye viwanja vingi vya ndege jamu hizi huhesabiwa pamoja na vimiminika na vitu vya kupakika, hata ziwe ngumu vipi. Ukiweka tofali la membrillo kwenye mkoba wa mkononi unaweza kuliacha pale penye mashine ya ukaguzi. Liweke kwenye begi kubwa. Kwa kusafirisha mpaka nyumbani, membrillo iliyofungwa kiwandani ndiyo salama kuliko zote, marmelada ya kopo inafuata, cotognata ina matatizo niliyoyataja, na cotignac ya kisanduku cha mbao ndiyo ya kubebwa kwa uangalifu kuliko zote.

Kupika mwenyewe au kununua?

Ikiwa kwinsi mbichi zinapatikana ulipo, pika. Ghuba hupokea safarjal kutoka Irani na Uturuki msimu wa vuli, Ulaya zipo Oktoba na Novemba, na Afrika Kusini, wanakoziita kweper, huiva kuanzia Machi hivi. (Huko mkwinsi ulipandwa kuwa ua wa shamba, na fimbo yake nyembamba inakumbukwa na watu wazima wengi kwa sababu isiyohusiana na jamu.) Ya nyumbani inanukia kuliko ya dukani, na unaamua mwenyewe kama unataka nyeupe au nyekundu.

Kazi yake lakini si ndogo. Tunda bichi linapigana na kisu, kwa hiyo lichemshe zima kwanza hadi uma uingie, ndipo ulikate. Nostradamus, yule wa utabiri, alikuwa pia mtabibu na mwaka 1555 alichapisha maelekezo ya kupika kwinsi. Alisema wanaolimenya hawajui wanachofanya kwa kuwa ganda linaongeza harufu. Namuunga mkono, mradi uchekeche rojo vizuri baadaye. Mbegu zisisagwe. Tia sukari, pika moto mdogo, koroga. Likianza kuwa zito linaruka na kuunguza mkono, basi tumia mwiko mrefu na vaa nguo ya mikono mirefu. Limeiva pale ambapo ukiburuta mwiko chini ya sufuria, njia inabaki wazi kidogo kabla ya kufunga.

Asiye na subira afuate Waturuki: ayva tatlısı. Kwinsi hukatwa nusu, hupikwa polepole kwenye sukari na karafuu pamoja na mbegu zake nzima, mpaka ziwe nyekundu, kisha huliwa na malai nzito. Haigandi, haikauki, haikai miezi, lakini kazi yake ni nusu na mwanafunzi wa jikoni hawezi kuiharibu.

Kwa walioko nyumbani: mapera

Mkwinsi unataka kipindi cha baridi ndipo uzae vizuri, kwa hiyo Pwani usiusubiri. Wareno walikutana na jambo hilo Brazili. Walipeleka kwinsi, na nyanda za juu zilikubali: mpaka leo jamii ya Mesquita huko Goiás, wazao wa Waafrika waliofanywa watumwa, inajulikana kwa marmelada yake, na kwao kwinsi huvunwa mwanzoni mwa mwaka. Lakini sehemu kubwa ya nchi ile ina mapera kuliko kwinsi, basi wapishi wakachukua mbinu ya marmelada na kuitumia kwa mapera. Ikazaliwa goiabada. Wabrazili huila na jibini nyeupe ya Minas na wameuita mchanganyiko huo Romeo na Julieta. Kolombia nayo ina bocadillo ya Vélez, vitofali vya mapera vinavyofungwa kwa majani.

Mapera yanaifaa kazi hii kwa sababu nayo yana pektini nyingi. Yanapungukiwa na uchachu tu, na ndimu zipo. Changanya yaliyoiva na machache ambayo hayajaiva sana, kwani hayo ndiyo yenye pektini zaidi. Yenye nyama nyekundu yanatoa rangi iliyo karibu na membrillo, meupe yanatoa rangi ya mchanga lakini ladha haina kasoro. Chemsha, chekecha kwa chujio la waya mbegu zote zibaki juu, pima. Kwa kila kilo ya rojo tia gramu 700 hadi 800 za sukari na maji ya ndimu mbili. Pika kama nilivyoeleza kwenye kwinsi, ila mapera hushika chini haraka zaidi, usiende kupokea simu. Mimina kwenye trei yenye karatasi iliyopakwa mafuta, unene wa vidole viwili, acha usiku kucha chini ya kitambaa chepesi, geuza, acha tena.

Ukipenda ya mkate, itoe motoni mapema kidogo. Ukitaka ya jibini, endelea hadi mkono uchoke. Ya Pwani ifungwe kwenye karatasi na kukaa kwenye friji, ya Njombe au Goma inaweza kukaa kabatini, na kote kisu kipakwe mafuta kidogo kabla ya kukata.